We Were Liars: mara ya kwanza nilikimbilia mwisho, mara ya pili nikamwona mama

Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu wa mtumba pale Posta, Dar, gundi ya jalada imeshaanza kuachia. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa na penseli na hasira: kila baada ya kurasa chache kaandika "mwongo" pembeni. Nilimcheka, mpaka nilipofika mwisho nikaelewa kwamba yule alikuwa anasoma mara ya pili.

Kwa ambaye hajakutana nayo, ni riwaya ya E. Lockhart ya mwaka 2014. Imeandikiwa vijana, ila mimi nimeshavuka thelathini na nilikesha nayo. Ukoo wa Sinclair una kisiwa chao wenyewe karibu na pwani ya Massachusetts, Marekani. Babu, mzee Harris, ana jumba lake, mabinti zake watatu kila mmoja ana nyumba yake, na kila kiangazi wajukuu wanakusanyika huko. Cadence, mjukuu mkubwa, anapatwa na jambo akiwa na miaka 15. Anaokotwa ufukweni amebaki na nguo za ndani, na hakumbuki kitu. Anaporudi kisiwani akiwa na miaka 17 ana kipandauso cha kumlaza siku nzima gizani, ana vidonge vyake, na ana ndugu ambao kila akiwauliza wanabadilisha mada. Zaidi ya hapo sisemi.

Kuna sehemu mwanzoni kabisa ilinisimamisha. Baba yake anahama nyumbani. Anapakia mizigo kwenye gari, kisha anachomoa bastola na kumpiga binti yake kifuani, pale pale kwenye majani. Damu inamwagika. Nilirudi nyuma kusoma upya, nikidhani nimeruka mstari. Hakuna bastola. Ni hivyo tu mtoto anavyosikia maumivu, na mwandishi hakuweka "kama" wala "mithili ya". Halafu mama anamwambia ajirekebishe, akae kama mtu wa kawaida, sasa hivi. Damu haioni, anachoona ni kwamba binti anawaaibisha.

Hapo nikakiweka kitabu chini, kwa sababu huyo mama namjua. Kwetu anasema "jikaze", au "watu watasemaje?" Shangazi yangu alikuwa akipotea nyumbani wiki tatu, nne, na sisi watoto tunaambiwa kaenda kozi. Kozi gani, hakuna aliyeuliza. Vidonge vyake vilikaa kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, na ole wako ulishike. Mpaka leo jina la ugonjwa wake halijatamkwa sebuleni kwetu. Mtaani walilitamka zamani, kwa namna yao: ana mashetani, au "kapelekwa Mirembe", na kicheko juu. (Kwa msio wa huku, Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Vijiweni limeshageuka tusi.)

Kwa hiyo watu wanaposifia mwisho wa hiki kitabu, na kweli unapiga, mimi nakisifia kwa ukimya wake. Watu wazima wale si wakatili. Wana sababu, hata daktari yumo ndani ya sababu hizo. Lakini mtoto anaachwa peke yake na shimo kichwani, huku mezani chakula kinapakuliwa na mabinti wanagombania mirathi kwa sauti za upole, wakiwatuma watoto wao wakambembeleze babu. Anayethubutu kusema kitu wazi ni binamu mdogo, Taft, anayemuuliza Cadence usoni kama yeye ni teja.

Penye kasoro nitasema. Maradhi ya Cadence yanatumika kama pazia: mwandishi anayahitaji ili atufiche kitu, na pazia likishafunguka hana habari nayo sana. Anaishije baadaye? Nani anamtibu, anaongea na nani? Kurasa chache, basi. Riwaya nyingi za aina hii zina tatizo hilo, mgonjwa ni kufuli la hadithi. Ule mtindo wa kukata sentensi katikati na kushusha mstari kama shairi nao ulinichosha kufika nusu. Na hadithi za mfalme na mabinti zake watatu zilizochomekwa humo, mbili tatu zingetosha.

Ni kitabu chembamba, Kiingereza chake chepesi, mwanafunzi wa sekondari anakimudu. Nakipa nyota nne. Mwenye kipandauso asikisome usiku, maelezo yale yana uhai mno. Kuna tamthilia yake pia, ilitoka Prime Video Juni 2025, soma kwanza. Na kile kitabu cha 2022, Family of Liars, kinachorudi nyuma kwenye ujana wa akina mama hao, usikianze kabla ya hiki hata ukikikuta kwa bei ya kutupa. Kinakumwagia siri yote mapema.