Kamera ya nyumbani kwa mama: picha safi, ila angalia nani mwenye akaunti

Hii ni ile kamera ya WiFi ya kuzunguka, nilinunua mbili Kariakoo mwaka jana nikampelekea mama Tanga, Makorora, baada ya watu kuruka ukuta usiku wakabeba mtungi wa gesi na ndoo mbili (yani hadi ndoo). Sitaji jina la kampuni wala duka, za bei hii nyingi zinafanana tu. Picha niseme ukweli iko poa, usiku unaona mpaka paka anayepita, na memori kadi ya GB 64 inatunza siku kadhaa kabla haijaanza kufuta za zamani. Nnachotaka kuongelea mimi ni kushea na ndugu, maana hapo ndo tulitoka jasho.

Tuko watatu, mimi Dar, dada Arusha, kaka yuko Muscat. Aliyefunga ni fundi, kijana mpole tu, akaniambia bro pakua apu, fungua akaunti nikutumie mwaliko. Nikaskani, picha ikaja, nikamlipa nikarudi Dar roho kwatu. Kaka akaomba na yeye aone, natafuta pa kushea sipaoni, dada akasema labda simu yako ya zamani, nikafuta apu nikapakua upya, wapi. Wiki mbili nahangaika ndo siku moja nikafungua taarifa za kamera nakuta pameandikwa mmiliki halafu imeili siyo yangu. Ya fundi. Yani kamera nimenunua mimi, inaangalia sebule ya mama yangu, lakini mwenye mali fundi na mimi mgeni mwalikwa, na mgeni hawezi kualika mgeni mwenzie. Sisemi alikuwa anachungulia, nadhani ni mazoea tu, anaunganisha na simu yake ili amalize haraka, ila nikikumbuka mama anavyokaa sebuleni na kanga moja kwa lile joto la Tanga, nilisikia vibaya sana.

Nikamwambia mpwa wangu abonyeze kitundu cha riseti na pini, ikawaka upya, nikajaribu kuiingiza kwangu ikagoma, inasema kifaa kimeshasajiliwa na akaunti nyingine. Kumbe riseti inafuta WiFi tu, jina la mwenyewe linabaki hukohuko kwenye seva zao mpaka mwenyewe aifute kwenye apu yake. Namshukuru fundi alipokea simu akafuta palepale, je angekuwa kabadili namba? Kwahiyo siku unafungiwa kamera tumia simu yako na akaunti yako, fundi ashike ngazi na bisibisi.

Baada ya hapo kushea ni kitu cha dakika mbili. Mwenzio anafungua akaunti yake, unaandika imeili yake au anaskani, anakubali, basi. Unachagua aone laivu tu au na video za nyuma, apate notifikesheni au asipate, aongee kwenye spika, azungushe kamera. Neno la siri unabaki nalo mwenyewe na siku ukitaka kumtoa mtu unamtoa. Hapa nawapa maksi zote, maana kabla sijaelewa tulijaribu wote watatu kutumia akaunti moja, kaka akiingia mimi natupwa nje, nikiingia mimi anatupwa yeye, tukawa tunagombana kwenye grupu la familia saa nne usiku.

Kosa langu niliwapa kila kitu. Kwanza bando. Ukiangalia ukiwa Muscat linaloliwa siyo lako peke yako, na la mama linaliwa, maana picha inatoka kwenye ruta yake ya laini. Ikivuta megabiti 1 kwa sekunde, saa nzima ni karibu MB 450, na huyo ni mtu mmoja, na kaka alikuwa anaiacha wazi kama tivii huku anakula. Bando la mwezi likaisha tarehe 11. Siku hizi tunaangalia kwa picha ya chini, HD mpaka kuwe na jambo.

Halafu zikaanza simu. Mama mbona hujalala, mama nani yule wa pikipiki, mama mlango wa jikoni uko wazi. Alivumilia siku nne. Jumapili nafungua apu naona maua mekundu skrini nzima, nikajua kamera imekufa, kumbe kaitundikia kanga. Nikampigia, shikamoo mama, marahaba baba, nikauliza ya kamera akasema "lidude lenu hilo, mie hata marehemu baba yenu hakuwahi kunilinda hivi."

Alikuwa na haki. Ya sebuleni tukaihamishia uani, kaka na dada nikawaachia ile kamera ya pili ya getini na notifikesheni basi, spika nikabaki nayo mimi. Na mama, ambaye hakuna aliyemfikiria siku ya kwanza, nikamwalika kwenye simu yake. Sasa yeye ndo anatuambia sisi nani kapita.

Yanayoniudhi: ukimpa mtu ruhusa anaona saa 24, huwezi kuweka kwamba aone usiku tu au tukisafiri tu. Menyu yote Kiingereza kwahiyo mama amekariri vitufe kwa rangi. Umeme ukikatika ruta inazima wote mnabaki kipofu, nikaongeza betri ndogo. Na notifikesheni ya "mtu" inakuja hata kwa mbuzi.

Nyota 4 kati ya 5. Juzi niko ofisini mama katuma vois, yuko sokoni, mbuzi wa jirani kaingia kwenye mchicha wake, "hebu mfukuze na hiyo spika yako." Nikatoka koridoni nikapiga kelele kwenye simu mpaka mlinzi akaja kuangalia. Mbuzi kanyanyua kichwa kaitazama kamera, karudi kwenye mchicha.