Mwanangu haitwi Zawadi: uzoefu wangu na darasa la karate la watoto

Hili jambo nimekaa nalo kifuani wiki kadhaa nikijiambia nitulie kwanza ndipo niandike. Nimeshindwa kutulia. Naandika kwa ajili ya mzazi yeyote anayetaka kumpeleka mtoto wake kuanza karate, hasa mwenye mtoto mpole, anayechelewa kuzoea watu.

Wangu ana miaka saba. Hakuna aliyemlazimisha. Aliwaona watoto wa jirani wakipita jioni na nguo zao nyeupe, basi ikawa mama karate, mama karate, kuanzia uji wa asubuhi mpaka kwenye chandarua. Nikauliza, nikaelekezwa kwenye darasa moja linalofanyika ukumbi wa shule huku kwetu Tabata, Dar es Salaam, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Nikalipa ada ya mwezi, nikanunua gi, ndiyo hiyo nguo nyeupe ya karate. Ilikuwa kubwa, nikaipeleka kwa fundi akapunguza mikono na miguu, akaacha pindo nene ili akirefuka tuachie. Mkanda mweupe ulikuja na gi yenyewe.

Huo mkanda ndio chanzo cha yote.

Nyumbani kwetu hakuna aliyejua unafungwaje. Tukaufunga kama kamba za viatu, na masikio yake mawili. Mtoto akatoka kifua mbele, kwenye bajaji njia nzima mkono uko kwenye fundo.

Ukumbini wakapangwa mistari kwa rangi za mikanda, weupe, yaani wanaoanza, nyuma. Mwalimu mkuu hakuwepo siku hiyo. Alikuwepo msaidizi wake, kijana wa mkanda wa kahawia, akapita akikagua. Alipofika kwa mwanangu akasimama. Akashika sikio moja la lile fundo kwa vidole viwili, akavuta. Mkanda ukafunguka wote ukaanguka sakafuni, gi ikaachia, tumbo la mtoto likawa nje mbele za watu. Kisha akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia: "Nani kakufunga hivi? Wewe ni zawadi ya harusi?"

Watoto wakacheka, watoto ndivyo walivyo. Mwanangu kashikilia nguo kwa mikono miwili, kidevu kinatetemeka. Akaambiwa akae pembeni mpaka ajue kufunga mkanda. Chozi lilipotoka, kijana akaongeza: "Hapa hatulii. Anayelia akacheze rede na wasichana." Na mstari wa mbele walikuwepo wasichana wawili wa mkanda wa kijani, tena ndio waliokuwa wanapiga vizuri kuliko wote. Mmoja niliona anatazama vidole vyake vya miguu.

Nikainuka kwenye benchi la wazazi. "Mwalimu, samahani, leo ni siku yake ya kwanza." Kijana ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho akanijibu bila kunitazama: "Mama, mtoto ukishamleta tuachie sisi. Mnaotaka kuwabeba mgongoni bakini nao nyumbani."

Saa nzima nimekaa pale mikono inanitetemeka. Halafu kikaja kilichoniuma kuliko vyote. Mwisho wa darasa watoto hupiga magoti, hufumba macho, kisha hutamka kwa sauti masharti matano ya dojo, yaani ya ukumbi wa mazoezi. Hiyo ni desturi ya Shotokan, mmoja wa mitindo ya karate, na kila sharti huanza na neno hitotsu, yaani moja. Hakuna la pili wala la tano, kwa sababu yote yana uzito uleule. Mojawapo ni kuheshimu wengine. Anayewaongoza watoto kutamka ni yuleyule kijana. Na mwanangu kule pembeni, mkanda uko mkononi, naye anatamka na wenzake kwa sauti ndogo.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma kwenye simu. Gichin Funakoshi, mzee aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, kazi yake ilikuwa ualimu wa shule. Kanuni ya kwanza aliyowaachia wanafunzi wake ni kwamba karate huanza kwa heshima na huisha kwa heshima, ndiyo maana wanainamiana kabla na baada. Sasa heshima ya kumvua mtoto wa watu nguo mbele ya wenzake imetoka kwenye kanuni ipi?

Jumamosi nilirudi kwa jambo moja tu, kudai pesa yangu. Nikamkuta mwalimu mkuu, mtu mzima. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti yangu." Nikamweleza, naye hakunikatiza. Akaenda kwa mwanangu, akapiga goti moja sakafuni ili macho yao yalingane, akafungua mkanda wake mwenyewe. Mweusi, lakini umelika kwa miaka mpaka pamba nyeupe imetokeza kingoni. Wakafunga pamoja, kila mtu wake. Katikati ya mkanda iwe kitovuni, zungusha nyuma, rudisha mbele, ncha moja ipite chini ya mizunguko yote miwili, vuta juu, sasa fundo. Wakafungua, wakarudia. Mara ya tatu mtoto akafunga peke yake, ncha moja ikafika gotini na nyingine fupi kama kidole. Mzee akaiangalia, akasema, "Kwa leo inatosha," akamwacha nayo hivyohivyo.

Ningeandika siku ile ningewapa nyota tano na dua juu yake. Pesa sikuidai tena.

Ila Jumanne kijana akamwona mlangoni: "Haya, Zawadi kafika." Basi likawa jina. Watoto wote sasa ni Zawadi, Zawadi. Mtaani kwetu Zawadi ni binti wa mwenye duka la mkaa, na wenzake wanamkumbusha mwanangu hilo kila siku. Nilimrudia mzee, akaniambia kijana bado anajifunza, ataongea naye. Darasa zimepita ngapi sasa? Sijasikia samahani, wala kwangu wala kwa mtoto.

Kwa hiyo nishauri nini? Jumamosi peleka mtoto macho yamefumba. Jumanne na Alhamisi, hapana. Lakini ada ni ya mwezi mzima, nani analipa apate theluthi ya mwalimu? Kabla hujatoa hata shilingi, nenda ukae benchini siku mbili tofauti, uangalie mstari wa nyuma, wale weupe wanaokosea, wanaambiwaje. Uliza nani anafundisha siku gani. Na mkanda mfundishe nyumbani, mimi sikujua. Mateke na ngumi zisikutie hofu, wangu mpaka leo hajagusana na mtu, ni kusimama na kupiga hewa tu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka nyota moja. Nimebadilisha mbili, nikaweka tatu, nimerudi mbili. Za mzee hizo.

Mtoto mwenyewe hataki kusikia habari ya kuacha. Jana usiku nimemkuta chumbani kapiga goti moja mbele ya mdogo wake wa miaka mitatu, anamfunga ule mkanda juu ya nguo za kulalia, anamwambia polepole, ncha ipite chini, chini ya yote miwili. Kesho ni Jumanne. Nitakuwa kwenye benchi lilelile, na safari hii sitaanza na samahani.