Canon EF 40mm f/2.8 STM kwenye kamera ya fremu kamili: kioo kizuri, pua dhaifu

Canon 5D Mark III, kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya milimita 36 kwa 24), pamoja na betri yake ni gramu 950. Ifungie lenzi ya 24-70mm f/2.8L II yenye gramu 805, na tangu asubuhi ya harusi hadi usiku wa mnuso shingo inabeba kilo moja na robo tatu. Pankeki (lenzi fupi, bapa) ya 40mm, iliyotoka mwaka 2012, ina gramu 130 na unene wa milimita 22.8 tu. Kwenye 6D, kamera nyingine ya Canon ya fremu kamili, mzigo wote ni kama gramu 900, na kamera inaingia kwenye mkoba wa kawaida bila kutuna. Watu wengi huisifu kwa wepesi huo wakaishia hapo. Haki yake ni kubwa zaidi, na kasoro zake pia zinahitaji kusemwa wazi.

Tuanze na upana wa picha. Ulalo wa fremu kamili ni milimita 43.3, kwa hiyo 40mm inakaa karibu kabisa na kile kinachoitwa lenzi ya kawaida, yaani ile ambayo urefu wake wa fokasi unakaribia ulalo huo: haibani kama 50mm wala haivuti kingo kama 28mm. Ukisimama mita 4 kutoka kwa kundi, fremu ya kulala inashika upana wa mita 3.6, yaani watu sita bega kwa bega na nafasi kidogo pembeni. Ukiisimamisha kamera, mita 2.5 zinatosha mtu mzima toka unyayo hadi kilemba. Kwa picha za uso, usisogee chini ya mita 1.5, ukikaribia zaidi pua ya mtu inakua na masikio yanarudi nyuma. Kosa hilo ni la umbali, lenzi haihusiki. Mwisho wa kukaribia ni sentimita 30, na hapo fremu inachukua eneo la sentimita 20 kwa 13: hina kwenye kiganja inajaa vizuri, lakini sinia la pilau itabidi urudi nyuma.

Kioo chenyewe ni kizuri kuliko bei yake. Katikati picha ni kali tangu f/2.8, uwazi wake mkubwa kabisa, na mistari ya kuta na milango inapinda kidogo sana. Tatizo la kioo ni moja: giza la pembeni. Kwenye f/2.8 kona za fremu kamili zinafifia waziwazi, kwa sababu mwanga unaoingia kwa mshazari unakatwa na kingo za lenzi kabla ya kufika. Ukifika f/4 hali ni nafuu, na kwenye f/5.6 karibu huoni kitu. Kwa hiyo sifa zilizotolewa na mtu anayetumia kamera ya sensa ndogo zipokee kwa uangalifu, maana sensa yake inaziacha kona hizo nje.

Marekebisho ya kona yanafanyika ndani ya kamera kwa JPEG, lakini kwenye 5D Mark III na zilizotangulia huenda ukalazimika kwanza kuisajili lenzi kupitia EOS Utility, programu ya Canon ya kompyuta. Kwa RAW (faili ghafi ya picha), fanya kwenye kompyuta. Kumbuka tu kwamba kuinua mwanga wa kona ni kuinua na chembechembe zake: picha ya ISO 6400 (usikivu wa sensa kwa mwanga uliopandishwa juu) iliyopigwa ukumbini itatoka na kona chafu. Humo ukumbini 50mm f/1.8 STM inaishinda. Pale inapotumia ISO 1600, pankeki inadai kama ISO 4000 kwa kasi ileile, na haina kidhibiti mtikisiko cha kukuokoa.

Fokasi ni ya mota ya STM: sahihi, ya wastani kwa mwendo, yenye mlio mdogo. Pete yake inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo kamera ikizimwa unaizungusha bure. Ukitaka kurekebisha kwa mkono baada ya fokasi otomatiki, tumia One Shot (hali ya fokasi ya mara moja) na uendelee kukishikilia kitufe nusu. Ukikiachia, pete haisikii. Lenzi haina alama za umbali. Kwa picha za mtaani weka f/11, fokasi kitu kilicho mita 5 mbele, kisha hamisha swichi kwenda MF (fokasi ya mkono): kila kitu kuanzia mita 2.5 hadi mbali kabisa kitaonekana kikali. Usiiguse pete baada ya hapo.

Sasa pua. Wakati wa kufokasi karibu, sehemu ya mbele inatoka nje, na ukizima kamera ikiwa imetoka, inabaki hivyohivyo. Ndiyo sehemu inayopata kipigo. Canon wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2012 kwamba mgandamizo, hata ule wa kuvalisha kifuniko au wa mkoba uliobana, unaweza kusimamisha fokasi otomatiki. Dawa ya haraka ni kutoa betri na kuirudisha. Dawa ya kudumu ni programu ya ndani ya lenzi toleo 1.2.0. Zoea kufokasi mbali kabla ya kuzima, na vaa filta ya milimita 52 ili mkono usukume kitu kingine kuliko kioo. Pua haizunguki, hivyo filta ya kupunguza mng'ao wa maji inakaa ulivyoiweka.

Ukinunua iliyotumika, iwashe na ufokasi karibu-mbali mara kumi mfululizo. Mota ikikwama au ikisaga, achana nayo. Itikise pua kwa ncha ya kidole, kisha linganisha kona nne kwenye picha ya ukuta wa matofali kwa f/4. Kona moja ikiwa na ukungu peke yake, lenzi ilianguka. Hakikisha pia kuna kitone chekundu cha EF, aina ya lenzi za Canon zinazofaa fremu kamili. Pankeki ya 24mm ni EF-S, aina ya kamera za sensa ndogo, ina mraba mweupe, inafanana nayo kama pacha, na haifungiki kwenye 5D wala 6D.

Wenye EOS R, kamera za Canon zisizo na kioo cha ndani, wasiisumbukie. Adapta ya kuifungia lenzi hii kwenye kamera hizo ina unene wa milimita 24 na gramu 110, yaani inaongeza unene kuliko lenzi yenyewe. Kwao iko RF 28mm f/2.8 STM ya mwaka 2023: gramu 120, milimita 24.7, bila adapta yoyote. Ni pana zaidi, hivyo kwa nyuso itawabidi wawe waangalifu zaidi, lakini mfukoni inaingia.