Daraja la Maji la Pontcysyllte, Wales: Heri Kulivuka kwa Miguu

Wageni wengi wanaofika Pontcysyllte, kaskazini-mashariki mwa Wales, penye daraja linalobeba mfereji wa mashua juu ya bonde la mto Dee, hukata tiketi ya mashua na kuvuka wakiwa wameketi. Kwa maoni yangu, anayetaka kulifahamu daraja hili hana budi kulivuka kwa miguu, tena bila kulipa chochote, kwa kuwa ufundi wake huonekana vizuri zaidi na mtu anayeweza kusimama na kuinama atakapo.

Njia ya waenda kwa miguu ndiyo waliyopita farasi wakivuta mashua za mizigo tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 1805, baada ya miaka 10 ya ujenzi chini ya wahandisi Thomas Telford na William Jessop. Ubavuni mwake kuna uzio imara wa chuma. Ng'ambo ya maji, hata hivyo, hakuna uzio wowote: ukingo wa chuma umeyazidi maji kidogo tu, na baada yake ni hewa tupu hadi mto Dee, mita 38 chini. Mwenye kuogopa urefu ajiandae, na mwenye watoto wadogo awashike mikono kwa mita zote 307.

Ukifika katikati, subiri mashua ipite. Hori la chuma linalobeba mfereji limejaa maji hata chini ya njia unayosimama, kwani njia hiyo imeinuliwa juu ya vijiguzo; kwa hiyo maji yanayosukumwa na mashua hupata pa kupenya, na wala hayarundikani mbele yake. Bila mpango huo, kuvuka kungekuwa kazi nzito mno katika hori lililo jembamba kiasi hiki. Tazama pia mabamba ya chuma yalivyounganishwa kwa bolti. Maungio yake yalizibwa kwa kitambaa cha flana kilichochovywa katika sukari iliyochemshwa, kisha yakafungwa kwa madini ya risasi.

Usiondoke kabla ya kuteremka bondeni. Kutoka chini ndipo nguzo 18 za mawe zinapoonekana zilivyo nyembamba, nazo sehemu ya juu zina uwazi ndani ili kupunguza uzito. Binafsi nilivutiwa na mandhari hiyo kuliko ile ya juu.

Kasoro kubwa ni wembamba wa njia: siku za likizo watu hupishana kwa shida, na mwenye baiskeli ni vema ashuke aikokote. Asubuhi na mapema ni bora zaidi. Mwenye nguvu na aanzie mji wa Llangollen, afuate mfereji kwa zaidi ya kilomita 6 za njia tambarare. Sehemu hiyo yote imo katika eneo lililoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2009. Akibakiwa na muda, daraja la Chirk, lililokamilika mwaka 1801 kwenye mfereji huo huo, nalo linavukwa kwa miguu, na halina msongamano kama huu.