Uzoefu wangu: Kibanda cha Tamir Rice, Chicago

Kiangazi cha mwaka 2019, wiki chache baada ya kibanda hiki kusimamishwa upya, nilimpeleka mwanangu wa miaka kumi Stony Island Arts Bank, kusini mwa jiji la Chicago. Jengo lenyewe ni benki ya mwaka 1923 ambayo msanii Theaster Gates aliinunua kwa dola moja ikiwa gofu, akaigeuza kuwa nyumba ya sanaa na maktaba. Ndani kuna mengi, na kiingilio ni bure, lakini sisi tulifuata kilichokuwa nje uwanjani.

Ni kibanda cha mbao chenye paa, cha aina inayojengwa katika bustani nyingi za Marekani ili watu wapumzike kivulini. Hiki kilikuwa katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, katika uwanja wa kituo cha burudani cha Cudell. Tarehe 22 Novemba 2014 Tamir, mtoto wa miaka 12, alikuwa hapo na bastola ya bandia. Aliyewapigia simu polisi alisema kwamba huenda silaha ni ya bandia na huenda mwenye nayo ni mtoto, ila maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa, na mmoja wao alimpiga risasi ndani ya sekunde mbili hivi tangu gari lao lifike. Alifariki siku iliyofuata. Mama yake, Samaria Rice, hakukubali kibanda kivunjwe na kutupwa, hivyo mwaka 2016 kilifunguliwa vipande vipande na kuletwa Chicago.

Asiyezoea kazi za namna hii atauliza sanaa iko wapi, na hata mimi niliuliza moyoni kwa dakika kadhaa, kwa maana ni mbao tu zilizohamishwa. Kisha nikamwona mwanangu, ambaye kwa kawaida haombi ruhusa kupanda ukuta wa jirani, amesimama pale kivuli cha paa kinapoanzia, mguu mmoja ukiwa bado juani. Aliniuliza, “Baba, hapa panachezewa?” Sikuwa na jibu.

Mimi nilikulia Muheza, ambako tulichonga bunduki kwa vikonyo vya majani ya mgomba na kuwindana hadi magharibi, na kosa kubwa lilikuwa kuchelewa kuoga. Asubuhi ile nilikuwa nimeitoa bastola yake ya maji kwenye begi, nayo ni ya kijani iliyokoza, nikaificha juu ya kabati bila kumweleza sababu. Mbele ya kibanda kile ilinibidi nieleze, na nilieleza vibaya.

Ningemshauri mzazi asimpeleke mtoto mdogo zaidi ya umri huo, na amsimulie kisa kabla ya kutoka nyumbani. Kazi yenyewe naisifu kwa sababu moja: haimpi mtazamaji picha ya kuhurumia, inamweka mahali penyewe.

Njiani aliuliza kama bastola yake itashuka kabatini. Nilimwambia itashuka, lakini ataichezea bafuni.