Peleti za kokateli: mfuko umeisha, haya ndo niliyoyaona

Nilisema sitaandika maoni yangu kuhusu peleti hizi mpaka mfuko uishe, sasa umeisha, ni miezi mitatu na kitu. Ni NutriBird G14 Tropical ya Versele-Laga kutoka Ubelgiji, zile peleti (vidonge vya chakula cha ndege vya kiwandani) za rangirangi za kasuku wa saizi ya kokateli, yule kasuku mdogo mwenye kishungi. Nilichukua kilo moja Kariakoo.

Kokateli wangu ni jike, anaitwa Kibibi, aliniachia dada alivyohama, na kwa dada alizoea alizeti. Unamwekea mchanganyiko wenye ulezi, uwele, mtama na alizeti, yeye anachambua alizeti mojamoja, zilizobaki anazirusha nje ya tundu, na sisi tulikuwa tunaona ndo raha zake tunamuongezea. Kumbe alizeti ni mafuta matupu, vitamini A na kalsiamu kidogo mno. Dokta wa mifugo alimshika akapuliza manyoya ya tumboni yakafunguka, akaniita nisogee, chini ya ngozi kulikuwa na mafuta ya njano kama ya kuku wa mayai. Gramu 118, wakati kokateli wengi wako 80 mpaka 100 hivi. Akasema akiendelea hivi ini ndo litaanza kuharibika, na karanga za kupimiwa sokoni nisimpe kabisa kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu.

Sasa muuzaji wa peleti, duka silitaji, aliniambia toa mbegu zote, akishikwa na njaa atakula mwenyewe. Nikamsikiliza. Kesho yake bakuli limepungua nikafurahi jamani, kumbe amezing'ata tu akaziachia, unga wote uko chini ya tundu. Siku ya pili mavi yamekuwa machache, kijani kilichokoza, na yeye amejikunyata manyoya yamemvimba. Nikamweka kwenye mzani wa jikoni ninaopimia unga wa keki, gramu 109. Gramu tisa kwa siku mbili, kwa ndege wa gramu 118! Niliogopa mno, nikarudisha mbegu saa ileile na nikamuomba msamaha kwa sauti. Ndege aliyekulia mbegu hajui kama kile ni chakula, kwake ni vijiwe, anaweza kufa njaa bakuli likiwa limejaa, na anayeuza peleti inampasa amwambie mteja hilo kabla ya kupokea hela.

Nikaanza upya polepole. Asubuhi ndo ana njaa, kwa hiyo saa moja namwekea peleti nimezisaga nikachanganya na mbegu nilizozilowesha kidogo, ule unga unaganda kwenye mbegu, akimenya anaonja bila kutaka. Jioni mbegu zake kama kawaida asilale na njaa. Kila wiki napunguza mbegu kijiko kidogo naongeza peleti. Na kila asubuhi kabla hajala anapanda mzani, naandika kwenye daftari, maana dokta alisema akipoteza asilimia 10 ya uzito nisimame nirudi kwake. Alafu pulizeni bakuli la mbegu jamani, juu linaonekana limejaa kumbe ni maganda.

Wiki tatu nzima hakuna kitu. Wiki ya nne nilikaa mezani natafuna peleti mbele yake, kweli nilitafuna, zina harufu ya matunda, akashuka begani akaja akaninyang'anya kipande cha njano mdomoni, akakimenya kama mbegu, akakosa ganda, akakila hivohivo. Kuanzia siku ile anachagua za njano na nyekundu, za kijani mpaka leo anaacha. Mavi yakibadilika rangi baada ya kula za rangi msishtuke, ni rangi ya chakula, cha kuogopa ni yakipungua.

Majani ndo yalinishangaza. Ukimkatia kwenye bakuli hagusi, lakini fungu la matembele nililoliosha nikalining'iniza juu ya tundu likiwa linachuruzika maji, akaingia humo kama anaoga, alafu akaanza kung'ata. Sasa hivi anakula matembele, chainizi, mlonge, karoti na hoho, mchicha nampa mara mojamoja kwa sababu unazuia kalsiamu isiingie mwilini vizuri. Kwa joto la Dar majani na vilivyolowa natoa baada ya masaa mawili, vinachacha. Parachichi HAPANA, ni sumu kwao, hata kipande.

Kwa peleti zenyewe natoa nne kwa tano. Hazivunjiki ovyo kwenye mfuko, harufu nzuri, na Kibibi sasa ni gramu 97 na ameanza tena kupiga mluzi alfajiri, kitu alichokuwa ameacha. Nyota moja nimeizuia kwa sababu kilo moja ni nyingi kwa ndege mmoja kwa unyevu wa huku kwetu, mimi nagawa kwenye makopo ya kubana, moja nje mengine friza.

Mkienda kununua ombeni mfuko uliofungwa na msome tarehe. Duka nililoenda mara ya pili walikuwa wameufungua wanapima kwa kikombe, nikachota kiganjani nikanusa, ukungu. Niliurudisha nikaenda duka la tatu.