TAHADHARI: Muuza "rupia za tembo" kwenye njia ya Tabora na Kigoma

Ndugu zangu tunaokusanya vitu vya kale, hasa mlioko Tabora, Kigoma na Ujiji: nimepigwa. Laki sita na nusu. Aliyenipiga bado yuko kazini, kwa hiyo aibu naiweka pembeni.

Ni mtu mpole, anakuita mjomba kabla hujaketi. Anasema babu yake alikuwa fundi kwenye karakana ya reli hapa Tabora wakati wa vita ya Mjerumani. Uongo wake mtamu kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wameziba njia ya bahari na pesa haziingii, Wajerumani waligonga sarafu humo humo karakanani: heller (vijisehemu vya rupia) za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya machimbo ya Sekenke, upande mmoja tai, upande wa pili tembo ameinua mkonga, na herufi T ya Tabora. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Mtu akufungulie kitambaa akuonyeshe tembo huyo, mate hayakutoki?

Tulikutana kibanda cha chai karibu na stesheni. Alikuwa na mbili: moja yangu, nyingine eti ya mzee wa Ujiji ambaye ameshatoa kishika uchumba. Akatoa sumaku, akaipitisha juu, haikunasa. "Umeona mjomba? Dhahabu." Nikatuma pesa kwa simu palepale. Shaba nayo hainaswi na sumaku, jamani, na mimi nalijua hilo tangu shuleni.

Usiku nikaikuza picha niliyozipiga zote mbili. Goti la mbele la tembo lina mkwaruzo. La yule mwingine pia, palepale, urefu uleule. Maana yake alichukua sarafu moja akaifanyia kalibu, na kila anayomimina inazaliwa na kovu la mama yake.

Asubuhi nikaenda kwa sonara. Mzani ukasoma gramu 4 na ushee. Ya kweli ina gramu 7 na kidogo, robo tatu yake dhahabu tupu. Akagusa ukingo kwa tupa, ikatoka rangi ya koki ya bomba. Sonara hakucheka, akaniletea kiti.

Heller zake pia msizinunue elfu themanini kila moja, hata ikiwa halisi. Za heller 20 za Tabora zilitoka zaidi ya milioni moja. Na ziligongwa kwa haraka, kwa hiyo akikuletea iliyonyooka inang'aa kama jana, kaa nayo mbali.

Kilichoniuma zaidi ni nyongeza. Alinipa bure kibati cha tangazo la chai, eti kiligawiwa abiria wa treni wakati wa vita: "TANGANYIKA 1916". Nchi hii ilipewa jina hilo na Waingereza mwaka 1920. Nililiona kosa, nikajiambia labda wamemaanisha ziwa. Ziwa! Kibati kina ramani ya nchi nzima.

Yule mzee wa Ujiji nimempata. Yeye aliuziwa vijiko pia, vimechongwa "LIEMBA 1915", jina la meli ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 meli ile iliitwa Graf von Götzen. Mabaharia wake wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na jina la Liemba ikalipata iliporudi kazini 1927. Vijiko hivyo vilitangulia kubatizwa.

Akikujia, mwambie muende wote kwa sonara kabla pesa haijatoka. Mimi nilimwomba baadaye kwa simu turudi tupime, akasema treni inamwacha. Siku hiyo hakukuwa na treni.

RB ya polisi nimeshafungua Tabora, na mzee amefungua Kigoma. Kama naye amekupitia, nitumie ujumbe pamoja na picha ya goti la tembo wako, tuziunganishe.